Mtu wa Mstari wa Pili

Mwaka huu lori la majani halikuja
wiki mbili na siku tatu.
Chai ikapanda, ikakomaa, ikawa kichaka,
na mzee wa kanisa, Ambakisye, akanishika mkono mlangoni
akaniuliza taratibu, kama mtu anayepapasa jipu:
"Dada Tupokigwe, unaomba kweli?"

Naomba.
Naomba nikisugua masufuria, naomba nikimenya ndizi,
utomvu ukinata vidoleni pamoja na jina lako.
Nimeomba kwa Kiswahili cha kanisani, chenye "ewe" na "uliye",
nimeomba kwa Kinyakyusa cha mama, kisicho na adabu hiyo,
na usiku ule Ipyana alipolazwa Makandana
niliomba bila lugha.

Wewe, kimya.
Kimya cha nyumba siku ya nne ya msiba,
wageni wameshaondoka na masufuria yao.

Wenzangu husimama Jumapili kushuhudia:
Bwana amesema nami.
Alimwambia Lusubilo auze ng'ombe, akauza, akapata faida.
Alimwambia Sekela asipande basi lile.
Mimi nakaa benchi la nyuma,
karibu na ndoo inayokinga pale bati linapovuja.
Nasikia ndoo.
Tone.
Tone.
Ndoo tu.

Nikasema basi. Sikusema kwa hasira,
nilisema kama mtu anavyofunga duka lisilo na wateja:
kwanza taa, kisha komeo.
Kitabu cha nyimbo nikakiweka juu ya kabati,
juu yake nikabwaga mfuko wa mbegu za maharage.

Alhamisi lori likarudi.
Alfajiri ukungu ulishuka kutoka Rungwe,
ukafuta migomba, ukafuta njia,
nikanyoosha mkono, ukaishia kwenye kiwiko.
Anayeufahamu ukungu wa Katumba anajua:
humwoni mwenzako, na kupiga kelele ni bure,
kelele inazama kama jiwe kwenye uji.
Unachuma tu. Vidole vinajua,
majani mawili na chipukizi.

Ndipo nikasikia, mstari wa pili, mtu anachuma.
Ta. Ta-ta. Ta.
Mkono mwepesi, hauna haraka,
unakwenda sawa na wangu.
Nikadhani ni Atupele, nikamwita. Hakuitika.
Nikatulia; naye akatulia.
Nikaendelea; ta, ta-ta.
Machozi yakaanza, wala sikuona haya, ukungu hauna macho,
nikamwambia yule mtu yote:
lori, deni la kikoba, kifua cha Ipyana,
swali la mlangoni,
na kwamba nimefunga duka.
Hakunipa neno. Alikohoa kidogo,
kama anayesema: nipo, kikapu changu nacho bado hakijajaa.

Saa nne jua likapasua.
Mstari wa pili alisimama Mzee Mwakibinga,
koti lake la mvua, kofia yake ya sufu,
kiziwi tangu surua ya utotoni.
Akaniinulia mkono, akanionyesha kikapu, akacheka.
Hakuwa amesikia hata silabi.

Basi yale yote niliyoyasema yalikwenda wapi?
Na kiziwi, nilipotulia,
alijuaje kutulia?

Nilifika kwenye mizani na kilo kumi na tisa.
Karani akaandika, hakuuliza kitu.

Jumapili sikusimama kushuhudia.
Ningesema nini? Kwamba nilisikia kikohozi?
Nilikaa pale pale, karibu na ndoo,
lakini safari hii sikuhesabu matone.
Nilisikiliza kati ya tone na tone,
pale palipo pembamba,
nikaona pana nafasi ya mtu kukaa.

Kitabu cha nyimbo kipo bado juu ya kabati.
Sijakishusha.
Ila maharage nimeyapanda,
hakuna tena kitu kilichokilalia.